Koki Tatu za Shangazi

Woga ulimwanza Fundi asubuhi, kuni hazijashika vizuri, alipopapasa uso wa boila ya stima akakuta koki zake hazipo.

Zilikuwa tatu, ndogo kama kidole gumba, moja juu ya nyingine. Ukifungua ya chini ikatema maji, na ya juu ikatoa mvuke, ujue maji ndani ya boila yako sawasawa. Kazi hiyo haitaki macho, inataka masikio. Na macho Fundi hakuwa nayo. Mtoto wa jicho alikuwa amemkalia jicho la kulia mwaka mzima, la kushoto miezi minane, na hakuna aliyejua. Mkewe alikuwa marehemu, binti yake ana nyumba yake, na ndani ya stima ile Fundi alipita kwa mazoea, ngazi kwa ngazi, msumari kwa msumari. Mtu anatembea haraka namna ile, nani amshuku?

"Wamezing'oa, Mzee," alisema Domo, mpakia kuni, mtu mwenye wajukuu lakini mdomo haujui likizo. "Wale mafundi wa kupiga msasa wanasema zinavuja, zinachafua shaba. Wameziba na vifuniko, vinang'aa hivyo ungedhani meno ya dhahabu. Wakasema kioo cha kuonyesha kimo cha maji si kipo? Koki za nini tena?"

Za nini tena! Mwingine angewaka. Angeapa kwamba stima haing'oi nanga mpaka koki zake zirudi. Lakini neno hilo lingezaa swali, swali lingemleta daktari, na daktari angemtoa Fundi humo siku hiyo hiyo. "Sawa," akasema. Loo, hiyo sawa yake! Ndiyo iliyowapakia watu themanini juu ya boila isiyo na mwangalizi.

Siku hiyo stima ilikuwa ikitimiza miaka mia. Watu wa mtoni waliiita Shangazi, kwa kuwa ilikuwa na nyonga pana, gurudumu kubwa la mbao kila ubavu, na haikuwahi kuwa na haraka na mtu. Wageni walijaa sitaha nzima. Binti yake Fundi alikuwa ameshika kipaza sauti mlangoni mwa chumba cha nahodha, akiwasimulia historia, na sauti yake ilipenya mbao ikashuka hadi kwenye joto.

"Shangazi aliletwa vipande vipande, jamani, masanduku mia nne, akaungwa papo hapo ufukweni. Sanduku moja likapotea! Ndiyo maana gurudumu la kulia lina makasia kumi na mawili, la kushoto kumi na moja. Anachechemea mpaka leo!"

Wageni wakaangua kicheko. Kila neno alilifundishwa na baba yake. Shangazi kubeba chumvi na barua, Shangazi kubeba wafungwa, Shangazi kubeba bibi harusi aliyeghairi katikati ya mto akataka arudishwe. Kuzama mara mbili. Kugeuzwa ghala la magunia miaka kumi na tisa, mpaka Fundi alipowasumbua wakubwa, wakaona heri wamfufue Shangazi kuliko kumsikiliza Fundi. Kumtoa Fundi kwenye boila ile ilikuwa sawa na kumtoa duniani, na hilo ndilo lililomfunga mdomo.

Walipopita kona ya pili, pampu ilibadilika sauti. Ndiyo inayovuta maji ya mto na kuyasukuma ndani ya boila, na siku zote hupiga kwa uzito. Sasa ilipiga kwa wepesi. Huenda ilikuwa imenyonya majani. Lakini tangu gatini Fundi alikuwa ameifungulia kuliko kawaida, kwa woga tu, kwa hiyo huenda boila ilikuwa imejaa pomoni. Angejuaje?

"Domo, hebu tazama kioo. Maji yamefika wapi?"

"Kioo safi, Mzee. Hakina hata doa."

"Nimekuuliza maji, bwana! Mstari wa maji uko wapi?"

"Mstari sioni. Ni cheupe tu, juu mpaka chini."

Kioo kilichojaa na kioo kilichokauka hufanana, mstari huonekana tu maji yakiwa kati. Angekuwa na koki zake angejua kabla ya kupepesa jicho.

Huko juu binti alishusha sauti. "Shangazi alikuwa na dada yake, stima kama yeye. Siku moja maji yalipungua ndani ya boila, paa la tanuri likawa jekundu. Mwendeshaji akashtuka, akafungulia maji baridi, boila ikalipuka. Walikufa watu thelathini na mmoja. Boila iliokotwa ng'ambo ya mto."

Fundi alikuwa na miaka kumi na tisa siku ile. Alisaidia kuokota, na hawakuokota boila peke yake. Sehemu hiyo hakumsimulia binti yake.

"Niongeze maji, Mzee?" Domo alikuwa ameshashika usukani wa pampu.

"Usiguse! Ukigusa nakukata mkono!"

Dakika ishirini tu kufika gatini, Fundi akajiambia. Jikaze kisabuni, mzee. Pengine imejaa. Utajivua nguo mbele ya watu kwa boila iliyojaa? Akasikia nyayo za binti yake zikisogea juu ya mbao, sawasawa na utosi wa boila. Alilivamia bomba la kusemea, lililopanda hadi kwa nahodha.

"Nahodha! Peleka chombo kwenye mchanga. Nautoa moto."

"Umeingiwa na nini wewe? Nina wageni wa heshima hapa!"

"Sioni maji."

"Kioo kimevunjika?"

"Kioo kizima. Mimi ndiye sioni. Sioni kitu, Nahodha, miezi minane sasa."

Kipaza sauti kikanyamaza. Bomba lilitokezea pale pale mlangoni aliposimama binti.

Wakautoa moto, Domo akikokota makaa na Fundi akiyafukia kwa mchanga mbichi, akiyatafuta kwa joto usoni. Kila chuma kilipolia, mwili wake wote ulijikunja kungoja. Shangazi alikwama mchangani, wageni wakashushwa kwa mitumbwi wakinung'unika, na hakuna kilicholipuka.

Kesho yake boila ilipopoa, walirudi watatu. Binti hakuwa amemsemesha baba yake tangu jana. Domo alifungua kifuniko cha juu, binti akashusha fimbo mpaka paa la tanuri, mahali ambapo maji yanatakiwa kusimama kina cha kiganja. Fundi aliomba Mungu, na hakujua aombe nini. Ikitoka imelowa, amejimaliza bure; ikitoka kavu, jana alimsimamisha binti yake juu ya mauti.

"Enhe?" akauliza.

Binti alikuwa amemwinulia fimbo mbele ya uso aione. Kisha Fundi akasikia pumzi ya binti ikikatika.

"Samahani, baba," alisema, akamshika mkono, akampitisha vidole juu ya ule mti, taratibu, toka alipoushika mpaka ncha. Ulikuwa mkavu wote.