Msalaba Chini ya Maji

Vumbi la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka hutangulia watu: huingia majini kabla ya ndoo, kinywani kabla ya sala. Kwa miaka minane Ernestine amelingoja litue. Humimina maji ya kisima katika bomba refu linaloonyesha ndani, huinama, husubiri msalaba mweusi uliochorwa kwenye kitako chake. Msalaba ukionekana, maji hayana tope.

Kwao Bukavu, kabla ya kukimbia, aliongoza utafiti wa mito, na wasomi kumi na wawili chini yake. Hapa anaongoza akina mama na miche. Wamepanda miti elfu mbili juu ya kisima, ili mteremko ushike udongo wake, ili udongo ushike mvua yake.

Leo amerudi kutoka Lilongwe na karatasi ya maabara kifuani, naye anaogopa. Uchafu wa vyoo umepenya chini kwa chini hadi kisimani. Lakini haogopi karatasi. Anaogopa msalaba, kwa kuwa ni yeye aliyewafundisha kuuamini.

Pale kisimani Fidès, shemasi wa kanisa, amekwisha kumjazia mjukuu wake kikombe.

"Maman Fidès, usimupatie! Hii maji iko na mikrobe."

"Ee Docteur! Si we njo ulitufundisha? Ukiona musalaba, kunywa. Leo musalaba iko na bongo, inadanganya?"

Wanawake wakacheka. Ernestine hakucheka.

"Musalaba inaonaka udongo tu, Maman. Choo haiionake. Muchemshe."

Kicheko kikafa. "Kwa kuni gani?" Fidès akauliza. "Makala ya kupikia iko bei. Ao tukate miti yako?"

Aliogopa kusema ndiyo. Aliogopa kusema hapana. Aliogopa zaidi mkono mdogo ulionyooshwa kukitaka kikombe.

Akakitwaa. Akakimwaga. Vumbi likanywa bila kuuliza.

"Mukate," akasema, na sauti yake ikawa kama ya mtu anayesomewa hukumu.

Mapanga yakaitika mteremkoni. Mti wa kwanza ukalala, wa pili ukaufuata, na matawi yakaburutwa kuelekea mafigani.

Ernestine akainamia bomba. Maji yalikuwa maangavu, msalaba umesimama wima, mweusi, kama shahidi asiyejua kwamba amedanganya. Kisha vumbi la mteremko uliovuliwa nguo likaanza kushuka, likatangulia mvua, likatua majini chembe kwa chembe. Na msalaba aliozoea kuungoja utokee, akautazama ukizama.