Upande wa Usukani

…na hili goti nalo, kuuma limeona leo ndiyo siku yake, bendera bado iko chini, mshika bendera anapiga soga na daktari wa mbio, na mtu mzima wa miaka sitini na nne amefungwa mikanda kifuani ndani ya gari la kizamani lililopishana naye umri kwa mwaka mmoja tu, jasho linamtoka mpaka kisogoni, jamani, si alikuwa na nyumba, si alikuwa na kiti chake dirishani… "Klachi iachie polepole," fundi anasema, anasema na mengine lakini injini inayameza, na yeye anaitikia ee, ee, kama anavyoitikia simu za binti yake, baba umri huo wenzako wanafuga kuku, baba fikiria moyo wako, moyo wenyewe haujalalamika, kinacholalamika ni goti, na uchovu huu, uchovu wa kuamka tu asubuhi… mbio za kwanza alijiaibisha, alitaka kumpita dereva mwenzake, daktari wa meno, kwenye kona, akawasha indiketa, akatazama kioo, akasubiri apishwe, watu walicheka mpaka wakashika mbavu, tangu siku ile wanamwita Mwalimu, naye alicheka nao, angefanya nini, miaka thelathini na moja ya kufundisha udereva haikutoki hivi hivi, miaka thelathini na moja kwenye kiti cha abiria na breki ya pili chini ya mguu, usukani wameshika wengine, kazi yake ni kuwazuia, punguza, punguza, simama, nimesema simama!… leo ndiyo mwisho, amemwahidi mama watoto, jana jikoni, hata hakugomba, alikuwa anamenya viazi, akasema tu, "Baba watoto, nimechoka kusimama nyuma ya senyenge nikihesabu mizunguko, sijui kama kwenye ule wa mwisho utarudi," naye akamwambia basi, kesho halafu gari nauza, na alimaanisha, haki ya Mungu alimaanisha… yule pale, kitambaa cha bluu kichwani, amekumbatia koti la mumewe kama anayengoja mgonjwa zahanati, masikini, anamwonea huruma, mwanamke hajamkosea kitu… "Uko tayari, Mwalimu?" fundi anagonga bati, ee, niko tayari, na usukani unatetemeka viganjani, wake, hakuna wa kumwambia apunguze, na kesho kutwa je, banda la gari tupu, dirisha, redio, chai ya saa nne, chai ya saa kumi, mguu unakanyaga breki isiyokuwepo chini ya meza… anautafuta ule uchovu wa asubuhi, anajipapasa kama anayetafuta funguo mfukoni, haupo, amechoka ndiyo, goti linawaka, mgongo umekufa ganzi, lakini amechoka kama mtu aliyetoka kazini, siyo kama kitu kilichosahauliwa stoo, lo, kumbe anazipenda mbio hizi, mzee mzima, anazipenda hasa… na mama watoto kule anainua kidole kimoja, mara moja tu, ya mwisho, eti? naye anamwinulia dole gumba, na mkono ukiwa bado hewani anajua amemdanganya, hauzi gari, haachi, jioni itabidi amwambie, uso kwa uso, na hilo linamtisha kuliko kona zote za leo.