Mvukuto wa Tatu

Upepo ulikatika katikati ya zaburi. Bomba kubwa la kinanda likatoa mlio wa ng'ombe anayechinjwa, likanyamaza, na huko chini kanisani watu wa Haverstedt wakaangua kicheko.

Diderik Wessling alibaki mikono ikiwa hewani. Miaka kumi na moja alikuwa msaidizi wa wapiga kinanda waliomzidi umri tu, si kipaji, na hili lilikuwa jaribio lake la mwisho. Kama angefaulu, angepewa kazi ya kinanda, nyumba, na binti wa marehemu mpiga kinanda awe mkewe, kama ilivyo desturi. Sasa baraza zima la kanisa lilikuwa linamcheka, pamoja na Hambrock, kijana anayeshindana naye kuwania nafasi hiyo.

Akachomoka mbio hadi nyuma ya kinanda. Mzee Tonnies, mkanyaga mivukuto ya ngozi inayokipa kinanda upepo, alikuwa amepiga magoti kando ya mvukuto wa tatu, jasho likimtiririka.

"Ngoja kidogo, mwalimu, mvukuto ume—"

"Hambrock kakunywesha bia ngapi? Sema, mbwa wewe!"

"Mimi? Nakanyaga hapa mwaka wa thelathini huu—"

Ngumi ya kwanza ilimng'oa mzee meno mawili. Ya pili ikampasua juu ya jicho. Wessling akamkwida ukosi, akambamiza ukutani, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akamsukuma ngazini. Ngazi zile ni za mawe. Mfupa wa paja ulivunjika kwa kishindo kilichosikika hadi madhabahuni. Ni aibu kusema, lakini moyo wa Wessling uliona raha.

Wakambeba mzee akipiga mayowe. Mchungaji Overbeck akapanda, uso umemwiva.

"Umemvunja mtu ndani ya nyumba ya Mungu! Askari wanakungoja mlangoni. Lakini Bwana Hambrock hajapiga bado, na mkanyagaji hatuna. Utakanyaga wewe."

"Mimi nimkanyagie huyu mtoto?"

"Mkanyagie. Mkanyagaji wake umemvunja mwenyewe."

Hambrock akapanda, akaketi kwenye kinanda. "Taratibu, kaka, usije ukazimia huko," akatania. Kisha akavuta vishikio vyote vya sauti na kukandamiza vibao vya kinanda kwa nguvu zote, kama kila mpiga kinanda afanyavyo kabla ya lolote, ili asikie kama mapafu ya kinanda, yaani mivukuto, ni mazima. Wessling, kwa pupa ya kujionyesha, alikuwa ameiruka hatua hiyo.

Kinanda kikahema, kikalegea.

"Kuna mvukuto umepasuka huko!" Hambrock akaita. "Wa ngapi?"

Wessling akainama. Ngozi ya mvukuto wa tatu ilikuwa na ufa wa upana wa kiganja, na ndani yake imesokomezwa kofia ya sufu ya Mzee Tonnies. Imeingia nusu tu. Mzee alikuwa akiuziba ufa ili Wessling aendelee kupiga.

Akaisukuma yote ndani kwa vidole vyenye damu isiyo yake.

"Wa tatu," akasema. "Umeshazibwa."

Hambrock alipiga vizuri sana. Wessling akakanyaga zaburi nzima bila upepo kukatika hata mara moja, huku analia, na kwa ukubwa wa sauti ya kinanda hakuna aliyemsikia.