Lori Lililompita Mama Kaluki

Wewe hapo uliyekunja miguu, nitegulie hiki kabla chai haijapoa: nina miguu kumi, nakunywa lakini sili, na siendi popote mpaka mtu aniketie kichwani. Mimi nani?

Umesema ng'ombe? Ng'ombe wa kwenu ana miguu kumi? Ni lori! Na aliyetaka kuliketia kichwani ni mjukuu wangu Kaluki, hapa hapa Nunguni.

Kaluki alikuwa na leseni ya gari dogo. Siku moja akasema anaenda kusomea ya lori. Mama yake, Kanini, ambaye ni binti yangu, akamuuliza kwa nini asichukue ya basi, angalau abiria husalimiana. Kaluki akajibu kwamba ng'ombe hawabishani na dereva. Mimi nikacheka, nikanyamazishwa kwa macho.

Kazi yenyewe ilikuwepo. Aftin, mfanyabiashara wa mifugo anayenunua ng'ombe Ikutha na kuwapeleka Mombasa, alikuwa anatafuta dereva asiyekunywa pombe. Lakini Aftin ni mtu wa heshima zake. Alikuja mpaka nyumbani, akavua viatu mlangoni ingawa sakafu yetu ni ya udongo, akasema, "Mama Kaluki, mimi sichukui mtoto wa mtu kimyakimya. Akipata leseni, unamruhusu?"

Kanini akamimina chai. Akaongeza sukari. Hakusema ndiyo, hakusema la. Aftin akanywa, akaenda zake.

"Mwaitu," Kanini akaniambia mimi mama yake, "huyu mtoto ana huruma ya kijinga. Mtu yeyote akipunga mkono barabarani, atasimama. Wezi watampakua pamoja na ng'ombe."

"Si akuahidi kwamba hatasimama."

"Ahadi ya Kaluki? Juzi nilimtuma chumvi akarudi na mbwa wa watu!"

Basi siku ya mtihani ikafika. Kanini alikuwa amewahi kuchungulia shule ya udereva, akamwona Kaluki akisukuma kigari cha kuchezea juu ya ubao uliochorwa barabara, huku mwalimu akimuuliza maswali. Akajua mtihani ndio huo. Hakujua kwamba baada ya ubao kuna lori la kweli.

Sisi wawili tulikuwa kando ya barabara na magunia ya avokado, tukingoja gari la kutufikisha sokoni. Mara lori likapanda mlima, L nyekundu mbele, Kaluki kwenye usukani.

"Ni Kaluki wetu!" Kanini akaruka, akapunga leso.

Pale ni kwenye kona kali. Lakini kwetu gari la mtu wenu husimama popote, hata katikati ya daraja. Kaluki akatuona. Kando yake alikaa mtahini, kalamu mkononi, uso kama mtu aliyekunywa dawa chungu. Lori likapunguza mwendo, likapiga honi, likatupita.

"Kaluki! Simama! Ni mimi mama yako!" Kanini akalikimbiza, sandali moja mkononi. Lori likabadilisha gia, likapotea.

Akarudi akihema. "Umeona, mwaitu? Mimi! Nilimbeba mgongoni na surua yake kutoka Matinyani mpaka hospitali ya Kitui!"

"Na yeye leo amekataa kukubeba," nikasema, kisha nikageuza uso nicheke vizuri.

Jioni Kaluki alikuja na habari ya kufaulu, akajificha nyuma yangu mimi bibi yake.

"Susu, amekasirika?"

"Sikiliza sufuria zinavyolia huko jikoni."

Akaninong'oneza, "Mtahini aliniuliza yule mama anayekimbia ni nani. Nikamwambia ni mtu wa avokado."

Sufuria zikanyamaza. "Mtu wa avokado?" Kanini akauliza kutoka jikoni. Usiku huo Kaluki alikula ugali bila mboga.

Leseni ilipotoka, Aftin akarudi. Akavua viatu, akaketi, akauliza lile lile alilouliza mara ya kwanza. Kaluki akaangalia vidole vyake vya miguu. Bila neno la mama, lori lingepewa mtu mwingine.

Kanini akamtazama binti yake kutoka kichwani hadi miguuni.

"Mchukue," akasema. "Kama ameweza kunipita mimi, ni nani mwingine atamsimamisha njiani?"