Haka Mbele ya Jeneza

Basi la klabu ya raga lilifika saa tatu asubuhi, siku ya tatu ya msiba, na nyuma yake kulikuwa na gari la friza lililojaa nyama ya kondoo, kome na makasha ya soda. Merania aliyaona yote hayo akiwa ameketi barazani, ubavuni mwa jeneza la mumewe, shada la majani mabichi kichwani. Walishuka wanaume zaidi ya arobaini, wote makoti meusi yenye nembo ya klabu kifuani. Miaka tisa Tāmihana ameugua, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kubisha hodi mlangoni kwake.

"Hawa wamefuata nini?" alimnong'oneza binti yake, Hinewai.

"Wamekuja kumzika baba, mama."

"Mtu wa kuzika haji na mpiga picha."

Na kweli alikuwepo, kijana mwenye kamera begani, akizungukazunguka langoni kutafuta pembe yenye mwanga mzuri. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka kwenye misonobari. Barabarani malori ya magogo yalipunguza mwendo yakipita mbele ya marae, uwanja wa mikutano wa ukoo, kwa heshima ya maiti.

Merania hakuwa na la kufanya. Kwenye marae yao mfiwa hasemi na wageni mpaka marehemu azikwe. Kazi yake ni kulia na kukaa karibu na mtu wake. Wasemaji ni wanaume wa kwenye benchi, na kwenye benchi hilo mwenye sauti kubwa alikuwa Wiripo, kaka mkubwa wa marehemu. Wiripo huyo huyo ndiye mshauri wa mila wa klabu, cheo kilichompatia ofisi yenye hita na koti jeusi kama yale ya wageni. Leo hakulivaa. Merania aliliona hilo nalo, akajiuliza kwa nini alivue siku hii.

Tāmihana alichezea klabu ile misimu kumi na minne, mstari wa mbele kabisa, pale vichwa vinapogongana. Haka wanayoicheza kabla ya kila mechi, ngoma ya kivita ya kupiga mapaja na vifua kwa maneno ya kuitikiana, aliitunga yeye. Aliwafundisha Wamaori na wazungu pamoja, akiwapigisha mapaja mpaka ngozi inakuwa nyekundu, na aliyetabasamu alirudishwa kuanza upya peke yake. Siku hizi inasikika kwenye tangazo la bia ya mfadhili wao. Miaka minne iliyopita klabu ilitimiza miaka mia, wakamwita aje aiongoze uwanjani. Aliita mstari wa kwanza. Akauita tena. Akauita tena. Mara ya nne alinyamaza, akawatazama wachezaji kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake, na suruali ikaanza kulowa. Watu walicheka jukwaa zima. Wiki iliyofuata ilikuja barua yenye muhuri: Bwana Tāmihana Kereopa asikanyage tena uwanjani akiwa amelewa.

Alikuwa na miaka sita hajaonja bia. Merania alijua, kwa kuwa ndiye aliyelala naye, ndiye aliyekuwa akimvisha viatu, na ndiye aliyepigwa ngumi siku ambazo mumewe hakumtambua. Lakini nani angemwamini? Dukani walimwita Tāmi Chupa, hata watoto.

Daktari wa mjini ndiye pekee aliyesema vingine. Ni vichwa kugongana, alisema, lakini kuthibitisha haiwezekani mpaka mtu afe na ubongo utazamwe. Hospitali ingeleta gari, ingekaa na mwili siku moja, ingeurudisha. Fomu ilikuwa ya mke, na Merania aliisaini. Kisha akamwambia mtu mmoja tu. Jikoni, juzi, alimkuta shemeji yake akiosha vikombe.

"Unataka kumkata mdogo wangu?" Wiripo aliuliza bila kugeuka.

"Siku moja tu, shemeji. Watautazama, watamrudisha."

"Sisi mtu wetu anarudi ardhini mzima."

"Mzima yupi? Klabu imemla kichwa akiwa hai, na sikukusikia ukitaja mila."

Wiripo alikisuuza kikombe kile kile mara tatu. Mwishowe akasema, "Haya. Gari likija litaitwa kama mgeni yeyote. Ukoo utakaa, utaamua. Nakuahidi."

"Na klabu isijue."

"Kwani mimi mtoto?"

Ahadi ya kuitwa haikuwa ndogo. Hakuna anayevuka lango la marae bila kuitwa kwa sauti na mwanamke wa pale, awe waziri au fundi bomba. Na mwitaji wa marae hii ni Ārita, mke wa Wiripo.

Klabu iliitwa vizuri sana asubuhi hiyo. Ārita alivuta sauti mpaka vikongwe wakajifuta macho. Wageni wakaingia polepole, wakasimama mbele ya jeneza, wakaketi. Kisha mwenyekiti wao akainuka. Alikuwa mzungu mrefu aitwaye Sutherby, na alikuwa amejifunza desturi ya kumwambia marehemu moja kwa moja kana kwamba anasikia.

"Tāmihana, rafiki yetu," alisema. "Sisi tunaziheshimu mila za watu wako. Leo unarudi kwenye udongo wa babu zako mzima, kama ulivyokuja, bila kuguswa na kisu cha mtu."

Kisu? Nani alimwambia mzungu habari za kisu? Aligeuza shingo kwenye benchi. Wiripo alikuwa anavitazama viatu vyake. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na yeye alikuwa amemwonyesha mwenyewe pa kuuma.

Wakati huo huo gari jeupe likasimama nje ya lango.

"Mama, ndio hao," Hinewai alinong'ona. "Mbona mama mkubwa haiti?"

"Kuna mtu anaongea. Subiri."

Walisubiri. Sutherby alimaliza, akaketi. Ārita alikuwa amesimama mahali pake, pembeni mwa baraza, na gari alikuwa analiona, kwa kuwa uso wake ulielekea huko huko. Alijifunga shali vizuri, akaenda kuketi.

"Nenda langoni," Merania alimwambia binti yake. "Simama na dereva. Akiitwa umwingize."

"Si nimwingize tu, mama? Karatasi ninayo."

"Asiyeitwa akiingia, baba yako mkubwa atamtimua, na hakuna atakayesema kakosea. Nenda."

"Nani atamwita sasa?"

"Nenda, nimesema."

Hinewai aliinuka. Hakufika mbali. Wanaume wa klabu walikuwa wameinuka nao, wamejipanga safu nne, na kijana mmoja mnene wa mbele akapaza sauti ya kuanzisha. Ikiwa haka imeshika uwanja hakuna apitaye katikati, hata mtoto wa marehemu. Hinewai akasimama pale pale alipokuwa.

Mbao za baraza zilitetemeka. Vishikio vya jeneza vikawa vinagongagonga. Merania alitaka kuichukia haka ile, akashindwa, maana ilikuwa haka ya mumewe na waliicheza vizuri, na kila pigo lilikuwa mahali ambapo Tāmihana aliliweka. Wazungu wale walikuwa wanalia kweli, kamasi zinawatoka. Hapo ndipo alipoogopa. Waongo angewaweza.

Haka ya msiba hujibiwa. Wapwa wa marehemu walikuwa wa kwanza kuruka, kisha wanawake, vijana wa jikoni na aproni zao, na katikati yao Hinewai, macho yamemtoka, mikono ikipiga kifua, akimlilia baba yake kwa maneno ya baba yake. Lango alilisahau kabisa. Merania hakumlaumu.

Vumbi lilikuwa bado halijatua Wiripo aliposimama. "Maneno yamekwisha," alisema. "Tumfunike ndugu yetu."

Mazishi yalipangwa saa sita. Saa hizi ilikuwa saa nne na nusu. Wanaume wawili walitoka ndani na mfuniko, tayari, kama waliokuwa wakiungoja mlangoni.

"Shemeji," Merania alisema kwa sauti ya chini. "Uliahidi."

Wiripo aliinama karibu yake, uso wa huruma, ili watu waone anamfariji. "Umeona heshima aliyopewa? Sasa unataka nini, atangazwe kwamba alikuwa mwehu?"

"Walimtangaza mlevi."

"Leo nani kamwita mlevi?"

"Kesho watamwita."

"Watoto wetu wanacheza pale, Merania," alisema Wiripo, na mara hii hakumtazama. "Mwanangu kasaini mkataba mwezi uliopita. Tulia, nakuomba."

Mfuniko ukakaa juu ya jeneza. Mmoja wa wale wanaume akatoa skrubu mfukoni.

Merania alisimama. Mfiwa hasimami, wala haiti, lakini alisimama, akaivuta pumzi yote aliyokuwa nayo, akaita kwa lugha yao:

"Njoo, ee mgeni uliye langoni, njoo! Njoo na gari lako jeupe, njoo umfungue huyu waliyemwita mlevi! Njoo kabla hawajamficha!"

Ārita alijiziba mdomo na shali. Hakuna mzee pale ambaye hakuelewa kila neno.

Dereva alikuwa mtu wa mjini, mgeni wa mila na wa lugha. Aliteremsha kioo, akamtazama mwanamke yule mwenye majani kichwani anayelia barazani. Akavua kofia yake, akaiweka kifuani, akainamisha kichwa. Hakusogea.

Hinewai aliposikia ndipo alipozinduka. Alikimbilia langoni, akagonga ukuta wa makoti meusi. "Nipisheni," alisema, "nipisheni nipite!" Kijana mnene wa mbele alimkumbatia, na mwingine akamshika mabega. "Pole, dada," walimwambia, machozi yakiwatiririka. "Pole sana. Lia tu, lia." Kadiri alivyosukuma ndivyo walivyozidi kumbana.

Sutherby alitoa kitambaa, akajifuta. "Sijawahi kusikia kilio kama hiki," alimwambia mpiga picha. "Umeinasa?"

"Yote."

Skrubu ya kwanza ilikuwa imeshaingia. Merania akaita tena, na mpiga picha akapiga goti mbele ya baraza ili aupate mdomo wake vizuri.