Kitendawili Ndani ya Pamba

Mwaka tisini na nne mjukuu wangu Limi, niliyemlea tangu azaliwe, alipelekwa Geita kwa baba yake, Sostenes, mwanangu anayechimba dhahabu. Alikuwa na miaka saba. Mwezi mzima hakumwambia mtu neno. Anakula, anaosha vyombo, kimya. Sostenes akaniandikia: mama, jaribu wewe, nyie mna vitendawili vyenu.

Nikanunua kaseti, nikakaa na redio ya kurekodia barazani kwangu Isaka, kando ya barabara na reli, nikamtegea vitano. Kila nikisema "kitendawili" nanyamaza, ili aseme "tega" kama tulivyozoea jikoni. Barua ikarudi pamoja na kaseti: anasikiliza, hajibu.

Nikaisikiliza mwenyewe. Kumbe kila niliponyamaza, malori yalinijibu. Na treni nayo. Mtoto angepenya wapi?

Nikaipeleka Shinyanga mjini, mtaa wa Kambarage, kwa Nitin anayerekodi kaseti dukani kwake. Ana mashine ya vitufe vingi vya kupandisha na kushusha. Nilimwuliza kila kimoja kazi yake, naye hakuchoka. Akishusha cha mlio mzito, ngurumo ya lori inapungua. Akishusha cha mlio mwembamba, ule mchakacho kama wa kukaanga karanga unapotea. Sikio linapumzika kweli. Ila mimi mwenyewe nasikika kama niliyejifunika blanketi, na penye kimya lori bado lipo, linanong'ona.

"Bibi," akasema, "kelele ikishaingia kwenye kaseti, imeshafunga ndoa na sauti yako. Izuie mlangoni."

Mlangoni vipi? Nikajaribu ndani ya nyumba: bati linalia. Nikajaribu jikoni: jogoo.

Wiki hiyo nikapeleka pamba yangu kwenye ghala la Kagongwa. Lilikuwa limejaa pamba hadi karibu na paa, nikajipenyeza katikati kuchungulia. Bujiku, mpima pamba, aliniita mara mbili akiwa mlangoni, sikumsikia. Nikapiga kofi moja. Kofi likafa palepale. Nikapiga jingine. Hee.

Kesho yake nikarudi na redio. Bujiku akaniuliza kama mayu, yaani mama, amekuja kupimwa pamoja na pamba. Nikamwambia afunge mlango.

Nikasema "kitendawili", nikanyamaza, na safari hii kimya kilikuwa kimya. "Nimekaa katikati ya wingu, sijalowa." Nikanyamaza tena, nikahesabu pumzi ishirini. "Umeshindwa? Nipe mji."

Barua ilichukua majuma mawili. Sostenes aliandika kwamba Limi alisogea hadi mdomo ukagusa redio, akasema tega. Akalisikiliza lile wingu, akafikiri. Alipoombwa mji, akasema, "Nakupa Isaka."

Sasa, Limi alizaliwa msimu wa kuvuna, akajifunza kutambaa juu ya pamba. Wingu lile analijua vizuri kuliko mimi. Na aliyepewa mji ndiye huenda huko, ndiyo sheria ya mchezo. Lakini Isaka mimi nilikuwa nimeshafika zamani. Aliyebaki njiani ni yeye.

Nikamwandikia Sostenes siku ileile: mlete.