Jeki ya Pimamaji

Jumamosi asubuhi, baada ya chai, fundi wa kuchomelea ambaye mtaa mzima ulimwita Pimamaji, kwa sababu hakuwahi kutengeneza geti lililopinda, aliburuta jeki ya gari hadi uani kwake na kuing'oa kichwa.

Kichwa kile cha duara kilifaa gari, si pikipiki. Mara ya mwisho alipoinua pikipiki yake kwa matofali, ilimwangukia na ekzosi ikamchoma muundi. Safari hii hakutaka mchezo. Alikata bamba la chuma, akalifunga kwa bolti mahali pa kichwa, akachomelea juu yake vyuma viwili vya pembe, akavivisha mpira wa tairi visije vikakwaruza fremu. Mwisho alitoboa tundu na kutia pini nene, ili hata mafuta yakivuja jeki isishuke.

Aliisukuma chini ya injini, akaifunga pikipiki kwa mikanda, akapiga mpini mara kumi na moja. Pikipiki ikapanda, ikatulia tuli. Chini yake, ubavuni mwa jeki, alikuwa amelala muuza mayai.

Pimamaji alimtambua kwa gauni la kijani. Miezi mitatu nyuma alimgonga kwenye kona ya sokoni. Alisimama kumwangalia, akaona bado anapumua na anamtazama usoni, akageuza pikipiki na kumpitia tena. Nyumbani alisema amegonga mbuzi.

"Umechelewa," alisema muuza mayai. Taya lilikuwa limevunjika, maneno yakatokea upande mmoja.

"Nilikuwa sina jeki," Pimamaji alijibu, akaanza kufungua bolti ya oili.

Mkewe, fundi cherehani, alitoka na beseni la nguo. Aliliweka chini, akaenda akaleta maji ya kunywa.

"Ndiye yule mbuzi wako?"

"Ndiye."

"Pole, dada."

"Nishapoa," alisema muuza mayai. "Ila kifua. Hili dude likiwa chini, sipumui."

Mke alipiga magoti, akapitisha mikono chini ya injini, akamshika makwapani na kuvuta. Muuza mayai akasogea kidogo.

"Mwache," alisema Pimamaji.

"Simwachi. Nampeleka kwa mama yake. Mpaka leo yule mama anashinda kituo cha polisi akimuulizia aliyemgonga mwanawe."

"Akifika huko atanitaja."

"Si umemuua wewe? Akutaje."

"Mke wangu, toa mkono."

"Sitoi."

Pimamaji alichomoa pini na kufungua vali. Pikipiki ilishuka kwa mkupuo. Mke aliwahi kutoa mkono wa kushoto. Wa kulia ulibanwa kati ya fremu na sakafu, vidole vikalia kama kuni kavu. Muuza mayai alipiga ukelele uliokatika katikati, na pale alipokuwa amelala pakabaki saruji tupu. Mke akanyakua mpini wa jeki kwa mkono uliobaki, akampiga mumewe kichwani mara mbili hadi sikio likachanika. Mume naye akampiga kwa spana ya mdomo, meno mawili yakang'oka. Walipigana hivyo, mmoja amechuchumaa na mwingine amenaswa, hadi wote wakaishiwa pumzi.

Kisha, kwa kuwa mkono ulikuwa bado chini, ilibidi Pimamaji aombe mpini wake. Alipiga tena mara kumi na moja. Muuza mayai alirudi, akajisogeza upande ili mke apate nafasi ya kuutoa mkono.

Hospitali walikata vidole viwili. Mke alitoka huko akaenda moja kwa moja kwa mama wa muuza mayai, na wote wawili wakaenda kumchukua askari.

Askari alikuta pikipiki bado iko juu. Alivua kofia, akamsalimia muuza mayai, akamuuliza nani amemgonga.

"Huyo hapo mwenye bandeji kichwani. Mara mbili."

Askari aliandika. Mama aliketi sakafuni akawa anamfuta mwanawe damu kwenye nywele kwa ncha ya kanga. "Mwanangu, umekula?" aliuliza, na mwanawe akasema hana njaa.

"Maelezo haya lazima ayatie sahihi kituoni," alisema askari.

"Basi tumtoe," alisema mke.

"Ushahidi hauguswi." Askari aliizunguka jeki, akaitikisa pikipiki kwa mkono. Haikucheza. "Hii kitu umeitengeneza mwenyewe? Pikipiki yetu kituoni inatusumbua sana kuinua."

Pimamaji alisema anaweza kuwaazima. Mama akaambiwa asogee. Pikipiki ikateremshwa, polepole safari hii, juu ya muuza mayai, ili jeki ipate kuondoka. Mama alibaki na ncha ya kanga mkononi.

Baada ya siku tatu askari aliirudisha jeki, imefutwa vizuri.

"Imetusaidia," alisema. "Chini ya ile yetu wapo wawili. Mmoja mdogo."

Pimamaji alimuuliza kama vyuma vilikwaruza fremu.

"Hapana," alisema askari. "Ile mipira imefanya kazi."